Nyota ya Kidole Gumba

Kidole gumba changu cha kulia hakiwezi tena kufungua chupa ya maji. Nalitaja hilo mapema ili ninyi vijana mnaoanza kazi hii ya tiba ya viungo mjue mnakoelekea. Ukikanda migongo ya wachuma chai miaka nenda miaka rudi, migongo inapata nafuu na wewe unabaki na vidole vinavyolia kila mvua ikikaribia. Na Kericho, kama mnavyojua, mvua inakaribia kila siku baada ya chakula cha mchana.

Kiprono, ambaye sasa ndiye mwenye funguo za kliniki yetu ya Litein, aliniomba niandike jinsi tulivyowapata wagonjwa wetu. Alitaka ukurasa mmoja, na akaniomba nisiwachoshe watu. La ukurasa mmoja limeshanishinda. Hilo la kutochosha, nimechoka mimi mwenyewe, kwa hiyo siahidi.

Mimi ni mtoto wa huku kwa namna yangu. Baba yangu alitoka kule ziwani kuja kufanya kazi kwenye kiwanda cha chai, nami nikakulia katika nyumba za wafanyakazi. Kikipsigis nilijifunza kwa wenzangu wa kucheza nao, kwa hiyo mpaka leo nakijua vizuri zaidi cha kugombana kuliko cha kanisani. Wagonjwa wangu wengi tuliongea Kiswahili, wao na chao, mimi na changu, tukaelewana.

Siku yangu ya kwanza hospitalini nilipewa Bi. Tabitha awe mkubwa wangu. Nilikuwa nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi likasimama lenyewe. Nilitegemea anionyeshe mashine. Alinipa taulo.

"Kunja," akasema.

Nikakunja. Akaikunjua, akaniambia nikunje tena, safari hii nene upande mmoja. Kisha akanipeleka kwa mzee aliyepigwa na kiharusi, akaiingiza taulo ile chini ya bega lililolegea, na uso wa mzee ukatulia.

"Hiyo ndiyo mashine yako," akaniambia. "Ile nyingine inataka stima."

Siku nzima nilikunja taulo. Jioni ndipo aliponifundisha jambo ambalo nimelitumia kuliko yote niliyosoma chuoni. Alisema usimuulize mgonjwa anaumwa wapi, maana atakuonyesha mwili wote. Muulize nini kimemshinda. Akikujibu kwamba hawezi kufunga kitambaa kichwani au kukamua ng'ombe, basi amekupa kazi, na wewe utajua siku umeimaliza.

Nilikaa hospitalini muda mrefu. Nilipotoka nilikodisha chumba Litein, nyuma ya duka la dawa za mifugo, chini kabisa bila ngazi. Watu walinishauri nipande ghorofani ambako kuna upepo mzuri. Nikawauliza mgonjwa wa nyonga atapandaje kuufuata huo upepo. Fundi wa kuchomelea vyuma alinitengenezea kwa mabomba ya maji reli mbili za kujifunzia kutembea. Mipira ya mazoezi nilikata kutoka kwenye tyubu za baiskeli. Nilikuwa na beseni la maharagwe la kuzamisha vidole vilivyokufa ganzi, na kila baada ya muda nililazimika kununua mengine, kwa sababu mama aliyefagia aliona ni dhambi kuyaacha yazeeke.

Kitu ambacho sikuwa nacho ni wagonjwa. Nje nilitundika kibao kilichoandikwa kwa maneno marefu ya kitaalamu. Watu walikisoma wakipita, wakadhani ni ofisi ya serikali, wakaongeza mwendo.

Kiprono alipokuja kufanya kazi nami alikuwa bado na koti lake la kusimama lenyewe. Wiki ya kwanza aliangalia chumba kitupu, akaangalia simu yake, akasema, "Madam, hatuko kwa ramani."

"Tuko nyuma ya dawa za ng'ombe," nikamjibu. "Kila mtu anapajua."

"Kila mtu wa Litein. Na mtu wa Ndanai je? Mtu akiumwa siku hizi haulizi jirani, anauliza simu."

Basi akatuweka kwenye ramani ya simu. Nitawaeleza alivyofanya kwa sababu wengi wenu mnadhani ni uchawi, kumbe ni usafi tu, kama kupanga kabati. Jina moja, lilelile kila mahali. Namba ya simu inayopokelewa. Saa za kufungua zilizo za kweli, ikiwa ni pamoja na siku ya soko ambapo tulifungua mapema. Picha za mlango wetu, lile geti la buluu, na ile njia ya mteremko tuliyojengea viti vya magurudumu, ili mtoto aliye mbali ajue kwamba mama yake hatapanda ngazi.

Mwanzoni ramani ilituweka ng'ambo ya barabara, katikati ya shamba la chai la jirani. Jirani alikuja kulalamika kwamba watu wenye magongo wanaingia kwenye mistari yake wakiuliza daktari. Mmoja alikuwa amekaa kabisa chini ya kivuli akisubiri kuitwa. Kiprono akaisogeza ile alama mpaka getini, akaenda mwenyewe kwa miguu kuhakikisha.

Halafu akafanya jambo lililonifanya nimheshimu. Aliwauliza wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, waliandika nini kwenye simu kabla ya kuja. Hakuna hata mmoja aliyeandika tiba ya viungo. Waliandika "mgongo inauma Litein." Waliandika "daktari wa mishipa Bomet." Waliandika "mtu wa kukanda," na "mama amepata stroki tumpeleke wapi." Kiprono akayachukua maneno hayo akayaweka kwenye maelezo yetu. Mimi nilipinga lile la kukanda, nikasema sikusomea kukanda. Akanitazama mikono, nilikuwa nakanda.

Ilifanya kazi. Watu walianza kutoka Merigi, wakatoka Ndanai, wakashuka kwenye pikipiki wakiwa wamefungwa shuka mgongoni, simu mkononi ikiwaambia wamefika. Nilichoka uchovu mzuri.

Sasa nifike kwa Mwalimu Langat. Huyu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, aliyekuja kwetu na goti. Alitupenda kupita kiasi. Kiprono alikuwa ameanza kuwaomba wagonjwa waliopona watuwekee nyota na neno fupi pale kwenye ramani, maana nyota ndizo zinazokupandisha au kukushusha mtu akitafuta. Wazee wengi hawakujua pa kubonyeza. Mwalimu Langat akajitwika kazi hiyo bila kuombwa. Akishamaliza mazoezi yake alikaa kwenye benchi la kusubiri, akichukua simu za watu moja baada ya nyingine, miwani puani, akiwaongoza. Sisi tulikuwa ndani tumeshikilia miguu ya watu. Tulimsikia tu akisema, "Bonyeza hapo. Vizuri sana. Anayefuata."

Baada ya muda simu zikapungua. Tulidhani ni msimu wa majani mengi, watu wanachuma kwanza, wataumwa baadaye. Msimu ukapita na kliniki ikabaki na wale wa zamani. Kiprono alifungua ramani akakuta tuna nyota moja na kitu. Hapa ni lazima niwaeleze wasioingia huko kwamba nyota moja ndiyo mbaya kuliko zote, na tano ndiyo bora.

"Kuna mtu anatuharibia jina," akasema, akaifunga simu bila hata kusoma maneno yaliyoandikwa kando ya nyota. Alimshuku kila mwenye chupa ya mafuta ya kukandia kutoka hapa mpaka Sotik. Mimi sikuwa na nguvu ya kumshuku mtu. Nilimwambia aandike malalamiko kwa wenye ramani, tukasubiri jibu ambalo halikuja.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu Mama Lina alipoletwa. Mjane kutoka upande wa Ndanai, mrefu, mwenye mistari yake ya chai aliyoipanda na marehemu mumewe. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuta kidogo tu. Mkono wa kulia ulikuwa umejikunja kifuani, ngumi imefungwa, kidole gumba kimefungiwa ndani kabisa. Nilipoligusa bega alinyamaza kwa namna ambayo watu wanaoumia sana hunyamaza.

"Kiharusi kilimpata lini?" nikamuuliza mwanawe, Wesley, anayefanya kazi Nakuru.

Aliponijibu nilihisi uchovu ukinipanda kutoka miguuni. Miezi ile ya kwanza ndiyo ya dhahabu. Mkono unapokuwa bado laini, taulo ya Bi. Tabitha na mazoezi ya kila siku vinaweza kuuokoa. Ilikuwa imepita yote.

"Mbona hamkumleta mapema?"

Wesley alikuwa kijana mwenye adabu, lakini swali hilo lilimchoma. Akatoa simu akaniwekea usoni. "Madam, niliwatafuta. Hospitali walisema nitafute fizio karibu na nyumbani. Nyinyi ndio mlitokea wa kwanza kwa umbali. Lakini angalia hii. Nyota moja! Nyota moja! Mimi naweza peleka mama yangu mahali watu wamesema ni pabaya hivi? Nikampeleka pengine palikuwa na nyota nyingi, na picha za mawe moto na mishumaa. Wakamvuta mkono mpaka akalia. Sasa mtu wa kanisa ndio amemwambia aje kwenu."

Kiprono alianza kusema kuhusu maadui. Ndipo sauti ikatoka nyuma ya pazia, kwenye kitanda cha mazoezi, ambako Mwalimu Langat alikuwa amelala na goti lake juu ya mto.

"Kijana, nani amesema nyota moja ni mbaya? Mimi mwenyewe ndio nimewapa moja. Na wale wengine wote nimewaonyesha mimi. Namba moja! Ulitaka niwape namba tano? Shuleni kwangu, mtoto wa namba tano tunamwambia ajikaze."

Kiprono alichukua simu ya Wesley akasoma yale maoni kwa sauti, na kila neno lilikuwa sifa. Wameniponya mgongo, hongera. Daktari ako na upole sana. Kazi safi, namba moja. Na kando ya kila sifa, nyota moja peke yake. Sijui kama kuna mahali pengine duniani ambapo watu wangeweza kupendwa mpaka wakafilisika.

Niliona huruma na nilikasirika, yote kwa pamoja, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia. Mwalimu alitoka nyuma ya pazia akichechemea, soksi moja mguuni. Alimtazama Mama Lina, akautazama ule mkono uliofungwa. Aliongea naye Kikipsigis, taratibu, akamweleza yote. Nilitegemea mama apaze sauti. Alisema maneno machache tu, na Mwalimu akainamisha kichwa.

"Sijamsikia, amesema nini?" Kiprono alininong'oneza.

"Amesema, kwa hivyo ni wewe," nikamjibu.

Nilimketisha Mama Lina, nikakunja taulo, nene upande mmoja, nikaiweka chini ya kiwiko. Kisha nikamuuliza swali la Bi. Tabitha. "Mama, nini imekushinda?"

"Kuchuma," akasema. "Majani yangu inachumwa na watu, mimi nasimama hapo kwa njia naangalia kama mgeni. Sitaki kufa nikiangalia."

Mnaoishi huku mnajua mchumo wa chai. Majani mawili na chipukizi, kati ya kidole gumba na cha shahada. Kidole gumba kikilala, mchumaji amelala. Sikumwahidi. Nilimwambia ukweli, kwamba amechelewa, kwamba si kosa lake, na kwamba tutajaribu.

Mwalimu Langat naye alijipa adhabu yake. Alipanda pikipiki na goti lile bovu, akazunguka kwa kila mtu aliyemshikia simu, nyumba kwa nyumba, mvua kwa jua, kusahihisha. Wengine walibishana naye. Bibi mmoja wa Merigi alimwambia hawezi kumshusha Daktari kutoka namba moja hadi tano, hata kama mwalimu ametumwa na serikali. Alirudi siku hiyo amelowa, akanywa chai yetu, akasema hajawahi kusahihisha mtihani mgumu namna hiyo. Nyota zilipanda polepole. Simu zikaanza kulia tena.

Mkono haukupanda hivyo. Ninyi vijana mtakutana na wagonjwa wa namna hii, na hakuna picha ya geti la buluu itakayowasaidia. Mama Lina alikuja mwezi baada ya mwezi. Tulipasha bega moto, tukalinyoosha kwa unywele mmoja kila mara, tukafungua ngumi kidole kwa kidole, na akirudi safari nyingine tukaikuta imejifunga. Beseni la maharagwe. Kikombe. Kibanio cha nguo. Mimi nikisukuma kidole gumba chake kwa kidole gumba changu, na sijui siku zile ni kipi kilichouma zaidi. Kuna asubuhi niliuona ule mwavuli wake ukija getini nikatamani niwe mgonjwa. Yeye alikuwa akiniletea maziwa ya mursik kwenye kibuyu, akiniambia ninywe kwa sababu nimekonda, na nikiona aibu kwa kile nilichokuwa nimetamani.

Mwalimu Langat alikuwa akipanga mazoezi yake siku za Mama Lina. Alisema ni bahati tu. Alikaa karibu na lile beseni akimhesabia, kwa sauti ya darasani, na mama akimwambia anyamaze kwa sababu hakuna mtoto hapa.

Siku kidole gumba kilipotoka hapakuwa na shangwe. Nilikuwa nimeinama natafuta kibanio kilichoanguka. Nikasikia Mwalimu ameacha kuhesabu. Nilipoinua kichwa, kidole kilikuwa kimetoka nje ya ngumi, kinatetemeka, kimesimama peke yake. Mama Lina alikuwa anakitazama kama mtoto wa jirani aliyeingia bila kubisha hodi. Vidole vingine vinne vilibaki vimelala. Mwalimu alitoka nje, akasema anaenda kuangalia mvua.

Kwa kidole hicho aliweza kushikilia tawi la mchai huku mkono wa kushoto ukichuma. Wesley alinitumia picha yake, yuko ndani ya mistari yake, kikapu mgongoni, anachuma polepole kuliko mtoto wa shule. Sikumwambia mtu kwamba kazi imekwisha, kwa sababu haikuwa imekwisha. Lakini wakati huo mikono yangu ndiyo ilikuwa imekwisha, na nilikuwa nimeshamwambia Kiprono atafute kufuli lake, kwa maana namwachia kliniki.

Wiki yangu ya mwisho Mama Lina alikuja na simu ya kugusa, aliyonunuliwa na Wesley. Alikaa, akaiweka juu ya taulo, akaniomba nimfungulie mahali pa nyota. Kiprono alichuchumaa kando yake akitabasamu.

"Mama, ni hizi tano. Bonyeza ile ya mwisho, zote zitawaka."

"Mwalimu alinifundisha mpaka nikachoka," akasema. "Najua tano ndio kubwa. Ngoja."

Aliuleta mkono wa kulia kwa kuusaidia na wa kushoto. Kidole gumba kikasafiri juu ya kioo, kikatetemeka, kikashuka. Nyota ya kwanza ikawaka, ile moja peke yake. Kiprono akanyoosha mkono ili arekebishe, na mama akamsukuma kwa kiwiko.

"Wacha. Sijakosea."

"Lakini mama, nyota moja ndiyo ilikupoteza wewe."

"Ndio maana sitaki kudanganya mtu. Hii ni ya kidole gumba." Akaniangalia mimi, si yeye. "Hizi vidole zingine zikiamka, nitakuja kuongeza. Moja moja."

Nilikuwa nimepewa sifa nyingi miaka yangu yote, na nyingi zilikuwa za adabu tu. Hii ndiyo ya kwanza iliyopimwa sawasawa na kazi. Nilimwomba ruhusa, nikaandika jibu chini ya ile nyota, na lilikuwa jambo la mwisho nililoandika kazini: kwamba aliyeiweka ni mama mwenye kiharusi, kwamba ameibonyeza kwa kidole gumba cha mkono uliokufa, na kwamba tunaendelea.

Kiprono, najua ile nyota inakuwasha. Najua inatushusha kidogo mtu akitafuta. Usiombe itolewe. Kila anayeingia kazini hapo, mwonyeshe hiyo kabla ya kumwonyesha chochote, kisha mpe taulo.

Jumapili baada ya kanisa Kiprono alinipigia simu kunijulia hali. Akaanza kuniambia kuhusu wagonjwa wapya, na kuhusu kibao kipya chenye maneno mafupi. Nikamkatiza.

"Mama Lina amefika?"

"Alikuja Alhamisi."

"Ziko ngapi?"

Nikasikia mvua ikianza kupiga mabati upande wake.

"Mbili," akasema.